Kusokota pamba kwa pia na kuitia rangi: kutoka pamba mbegu hadi shada la uzi

Kondoo wa Kanda ya Ziwa wana manyoya mafupi yaliyonyooka, si sufu. Anayeishi Mwanza na kutaka kusokota uzi wake mwenyewe kwa pia, kile kijiti chenye kisahani cha uzito kinachozungushwa ili kusokota, hana sababu ya kuhangaika na kondoo wakati Misungwi, Kwimba na Magu wanalima pamba. Shida ni kwamba maelekezo mengi ya kusokota na kutia rangi yameandikwa kwa ajili ya sufu, na anayeyafuata kwenye pamba hupata hasara mara mbili: uzi wenye nundu, na rangi inayoondoka na maji ya kufulia ya kwanza.

Sufu huweza kuoshwa, ikatiwa rangi ingali mafumba, kisha ikasokotwa. Kwa pamba geuza mpangilio: sokota kwanza, chemsha uzi, halafu utie rangi. Sababu ni nta. Nyuzinyuzi za pamba zimefunikwa na tabaka jembamba la nta, na nta hiyo ndiyo inayoziwezesha kuteleza vizuri zinapovutwa na kusokotwa. Nta hiyohiyo huzuia maji na rangi kupenya. Pamba iliyochemshwa kabla ya kusokotwa hupoteza utelezi na kushikana mabonge. Pamba iliyotiwa rangi bila kuchemshwa hupakwa rangi juujuu tu. Ukilishika hilo, hatua nyingine zote utaziona zina maana.

Vipimo vyote hapa ni vya shada moja la gramu 100, ambalo kwa uzi wa wastani wa nyuzi mbili ni kama mita 400 hadi 700, kutegemea wembamba wa mkono wako. Zinatosha kitambaa kimoja cha shingoni. Ukiongeza uzito wa uzi, ongeza kila kitu kwa uwiano uleule. Nunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Kwenye kazi hii kukisia kwa macho ndiko chanzo cha mashada mawili yasiyofanana rangi.

Kuchagua pamba

Msimu wa kuvuna na kuuza pamba mkoani Mwanza huanza karibu na Mei na kuendelea miezi ya kiangazi. Hapo ndipo utapata pamba mpya, na mpya husokoteka vizuri kuliko iliyolala ghalani mwaka mzima. Tafuta pamba safi, siyo fifi. Fifi ina madoa ya njano na kahawia yaliyotokana na mvua au na kangambili, wale wadudu wekundu wanaofyonza mbegu kwenye tumba. Madoa hayo hayatoki yote hata kwa kuchemsha, na chini ya rangi nyepesi yataonekana. Pamba inayonata vidoleni imepata utomvu mtamu wa vidukari. Hiyo iache kabisa, kwa kuwa itang'ang'ania kila unapoivuta.

Chukua fumba moja, shika ncha mbili na uvute taratibu. Nyuzinyuzi zinapaswa kuachana kwa kuteleza, siyo kukatika kwa mlio mdogo mkavu. Kisha pima urefu: ng'oa nyuzinyuzi chache kutoka kwenye mbegu na uzilaze kwenye rula. Aina zilizozalishwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru kama UK 91 na UKM 08 huwa na urefu wa karibu milimita 28. Ikiwa chini ya milimita 22 utaweza kusokota, lakini itakubidi utie msokoto mwingi zaidi.

Katika kila kilo ya pamba mbegu, karibu theluthi moja tu ndiyo pamba nyuzi. Sehemu kubwa iliyobaki ni mbegu. Kwa shada la gramu 100 anza na gramu 350 za pamba mbegu, ili takataka na mabaki yasikupunguzie. Kama unaweza kupata pamba iliyokwisha kuchambuliwa kiwandani, utaokoa muda, ila ikikandamizwa kwenye robota huwa imeshikana sana na itahitaji kutawanywa kwa muda mrefu zaidi.

Kuchambua bila mashine

Anika pamba mbegu juani saa mbili hivi. Ikipata joto na kukauka hufura, na mbegu huachia kirahisi. Weka ubao mgumu uliopigwa msasa, au jiwe bapa laini, sakafuni. Tafuta kipande cha chuma cha mviringo kisicho na mikwaruzo, unene wa milimita 8 hadi 10, urefu wa sentimita 30. Nondo yenye mistari haifai, itakata nyuzinyuzi.

Laza fumba moja ubaoni, weka chuma juu yake upande ulio karibu nawe, kisha kikandamize kwa viganja huku ukikiviringisha kwenda mbele. Chuma kitazikamata nyuzinyuzi na kuzipitisha chini yake, na mbegu, kwa kuwa ni nene, itasukumwa mbele mpaka iachie na kuruka. Ukisikia mbegu ikipasuka umekandamiza kupita kiasi, au chuma ni kinene mno. Mbegu iliyopasuka huacha mafuta na vipande vyeusi ambavyo vitakusumbua mpaka mwisho, kwa hiyo vitoe hapohapo. Kwa mafumba machache unaweza kutumia vidole tu: shika mbegu kwa mkono mmoja, vuta nyuzinyuzi pande zote kama unayefungua ua.

Kutawanya kwa upinde

Pamba iliyochambuliwa bado ina mafundo. Brashi mbili za waya mwembamba, zile za kuchania mbwa, zinaweza kuichana, lakini kwa nyuzinyuzi fupi kama hizi upinde ni bora na gharama yake ni ndogo. Chukua fimbo inayopinda bila kuvunjika, urefu wa mita moja, na uifunge kwa mshipi wa kuvulia wenye unene wa karibu milimita 1, uliokazwa mpaka ukiupiga unatoa sauti. Mshipi huo hauna shida kupatikana kwenye maduka ya zana za uvuvi.

Weka gramu 20 za pamba ndani ya boksi kubwa. Shusha upinde mpaka mshipi uguse pamba kwa juu, kisha upige kwa kijiti. Mtikisiko hurusha nyuzinyuzi na kuzitenganisha, na mchanga na vipande vya majani hushuka chini ya boksi. Endelea dakika tano hadi kumi mpaka rundo liwe jepesi na lisiwe na fundo lolote ukiliangalia dhidi ya mwanga. Vaa barakoa. Vumbi la pamba likivutwa kila siku hubana kifua, na ugonjwa huo umewapata wafanyakazi wengi wa viwanda vya nguo duniani.

Sasa tengeneza mirija. Twaa pamba nyepesi kama gramu 2, itandaze mezani kwa upana wa sentimita 15 ikiwa nyembamba kiasi cha kuona meza chini yake. Laza spoku au penseli ukingoni, viringisha pamba kuizunguka bila kukaza, sugua mara mbili tatu kwa kiganja, kisha chomoa kijiti. Mrija mzuri unashikika bila kufumuka, lakini ukiuminya haufanyi ugumu katikati. Ukikaza mno pamba haitatoka. Ukilegeza mno itatoka yote kwa pamoja. Hifadhi mirija kwenye boksi bila kuipanga kwa kubanana.

Pia

Kwa pamba usitumie pia kubwa ya kuning'iniza ambayo wasokotaji wa sufu wanaipenda. Nyuzinyuzi za sentimita tatu kasoro haziwezi kubeba uzito huo kabla hazijapata msokoto wa kutosha; uzi utakatika na pia itaanguka. Unahitaji pia nyepesi, inayozunguka haraka, na ambayo ncha yake imekaa ndani ya bakuli ili uzi usibebe chochote.

Spoku ya baiskeli inafaa sana. Ikate ibaki sentimita 25. Ncha ya chini inoe kwa tupa iwe ya mviringo na laini. Ncha ya juu ikunje kwa koleo uipe kindoano kidogo cha milimita 4. Kisahani cha uzito kinaweza kuwa washa ya chuma yenye upana wa sentimita 3, au duara la mbao ngumu la sentimita 4 lenye tundu katikati kabisa, au hata kigae cha chungu kilichosuguliwa mviringo na kutobolewa. Vigae vya namna hiyo vimefukuliwa kwa wingi kwenye magofu ya Kilwa. Kibandike kwa gundi ya chuma sentimita 5 kutoka chini. Uzito wa pia nzima uwe gramu 15 hadi 25. Izungushe tupu ndani ya kifuu cha nazi au kikombe chenye kitako laini. Ikitikisika, spoku imepinda au tundu halipo katikati. Rekebisha sasa, kwa maana hakuna ustadi wa mkono utakaofidia pia inayoyumba.

Kusokota

Funga uzi wowote wa pamba wa sentimita 40 kwenye spoku juu ya kisahani, uzungushe kupanda mpaka kwenye kindoano. Kaa chini, kifuu karibu na paja la kulia. Kama unatumia mkono wa kushoto, geuza pande.

Laza ncha ya uzi huo juu ya ncha ya mrija, zikutane kwa sentimita 5. Mkono wa kulia unazungusha pia kama mshale wa saa, kwa kuisukuma kati ya kidole gumba na cha kati. Mkono wa kushoto unashika mrija kwa ulegevu sana, kidole gumba na cha shahada tu, na kuuvuta nyuma kwa mshazari. Usibane. Hapa ndipo wengi hukwama: wakiogopa uzi kukatika hubana vidole, na kwa kubana wanazuia nyuzinyuzi kutoka, ndipo uzi unakatika kwelikweli.

Msokoto unapopanda kwenye uzi hufika kwenye mdomo wa mrija na kukamata nyuzinyuzi. Unapouhisi umefika, vuta. Ukivuta kabla haujafika, pamba itaachana. Ukichelewa, msokoto utaingia ndani ya mrija na kuufunga, na hapo hutapata kitu zaidi ya fundo. Mwendo unaoutafuta ni wa kuvuta polepole bila kusita, mpaka mkono wa kushoto ufike mbali unavyoweza, kama sentimita 60 hadi 80.

Katika urefu huo utaona sehemu nene na sehemu nyembamba. Usiziogope bado. Msokoto hukimbilia penye wembamba kwanza, kwa hiyo penye unene bado ni laini. Zungusha pia kidogo, vuta tena, na nundu zitajinyoosha zenyewe kwa sababu ndizo pekee zinazoweza kuteleza. Uzi ukishakuwa sawa, acha kuvuta na uongeze msokoto wa mwisho, pia izunguke kwa nguvu mara mbili tatu zaidi. Pamba inataka msokoto mwingi kuliko unavyodhani: misokoto 6 hadi 8 kwa sentimita kwa uzi wa wastani. Kisha toa uzi kwenye kindoano, uzungushe juu ya kisahani ukiupa umbo la pia ya mtoto iliyogeuzwa, rudisha kwenye kindoano, endelea.

Jaribio la haraka: funga uzi kwenye kindoano, inua, pia ining'inie hewani kwa sentimita 30 za uzi. Ikining'inia bila uzi kurefuka, msokoto unatosha. Uzi ukianza kunyooka na kufumuka taratibu, umepungukiwa. Ukiulegeza na ukajikunja vifundo vigumu kila mahali, umezidi kidogo, na hilo si kosa kubwa kwa kuwa kuunganisha nyuzi mbili kutaondoa ziada.

Kati ya Juni na Septemba hewa ya Mwanza huwa kavu na pamba hurukaruka na kunata nguoni. Sokota asubuhi mapema, au weka kitambaa kilicholowa karibu na boksi la mirija. Usinyunyizie maji mirija yenyewe; italala na kushikana.

Kuunganisha na kufunga shada

Uzi mmoja unaweza kufumwa hivyohivyo, lakini kwa kushona au kufuma kwa sindano unganisha nyuzi mbili. Acha uzi ulale kwenye pia usiku mmoja kwanza, utatulia. Kisha uhamishie kwenye vijiti viwili, vitie ndani ya boksi lenye matundu ili vizunguke bila kuruka, na usokote nyuzi zote mbili pamoja kinyume cha mshale wa saa. Hapa pia nzito kidogo, gramu 30 hadi 40, ni nafuu. Ukikosea upande, nyuzi zitazidi kujikaza mpaka zikatike.

Zungusha uzi kwenye miguu ya kiti kilichopinduliwa kupata shada lenye mzunguko wa mita 1.5 hivi. Kabla ya kulitoa, lifunge sehemu nne kwa uzi wa pamba uliopitishwa kwa umbo la nane, ukiwa umelegea kiasi cha kuingiza kidole. Vifungo vilivyokazwa huacha alama nyeupe ambazo rangi haikufika. Kama una mashada kadhaa, yatambue kwa kufunga mafundo kwenye kamba zake. Karatasi haitanusurika kwenye kuchemsha.

Kuchemsha

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na karibu kila malalamiko ya rangi kutoka huanzia hapa. Tumia sufuria ya stenlesi au ya enameli isiyobanduka. Aluminiamu hushambuliwa na magadi, na sufuria yenye kutu itafifisha kila rangi utakayotia baadaye. Sufuria ya rangi isirudi tena jikoni.

Weka maji lita 4, gramu 5 za magadi soda safi ya unga (soda ash, siyo ile ya kuokea) na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji. Ukitumia magadi ya mawe ya kupikia, weka gramu 8, yayeyushe pembeni na uyachuje kwa kitambaa kwanza, maana yana mchanga. Loweka shada, libonyeze mpaka lizame, chemsha kwa moto mdogo saa moja na nusu hadi mbili. Maji yatakuwa ya njano, kisha kahawia kama chai ya rangi. Hiyo ndiyo nta na uchafu vikitoka. Mwaga, suuza kwa maji ya moto, rudia mara ya pili kwa maji mapya na magadi nusu. Maji yakibaki karibu meupe, umemaliza.

Hakikisha hivi: kausha kipande kidogo, dondosha tone la maji. Likinyonywa mara moja, endelea. Likikaa juu kama lulu, rudisha shada kwenye sufuria. Kuchemsha huku vilevile hutuliza msokoto, na uzi hautajikunja tena.

Maji ya bomba yanayotoka ziwani yana chumvichumvi chache na yanafaa sana kwa rangi. Baadhi ya visima vina chuma, utakijua kwa utando wa kutu kwenye ndoo. Maji hayo hugeuza njano kuwa kijivu cha kijani. Na usisuuze uzi ukiwa umesimama ndani ya ziwa. Kichocho kipo ufukweni, na nusu saa ya kusuuza inatosha kukipata. Suuza nyumbani kwenye ndoo.

Kuandaa uzi kwa rangi za mimea

Pamba haishiki rangi ya mimea kama sufu inavyoshika. Inahitaji daraja mbili: kwanza ukakasi wa mimea, kisha shabu, lile jiwe jeupe la kutulizia maji. Ukakasi hushika pamba, shabu hushika ukakasi, rangi hushika shabu.

Kwa ukakasi chemsha gramu 50 za majani ya chai kwa lita 4 za maji, dakika 45, chuja. Gramu 40 za maganda makavu ya mgunga yaliyotwangwa ni bora kwa rangi nzito, ingawa huupa uzi msingi wa kahawia. Tia shada lililolowa, acha moto uwe wa kuvumilika mkononi kwa saa moja, kisha lilale humo usiku kucha. Asubuhi kamua, usisuuze.

Kisha shabu. Twanga gramu 15, yeyusha kwa maji ya moto nusu lita. Kwenye chombo kingine yeyusha gramu 2 za magadi ya unga. Mimina magadi kwenye shabu kidogo kidogo, ndani ya ndoo ndefu, kwa kuwa itatoa povu jingi. Povu likitulia ongeza maji ya uvuguvugu kufika lita 4, zamisha shada, acha saa 8 hadi 12. Suuza mara moja kwa wepesi. Uzi huu unaweza kutiwa rangi ukiwa mbichi, au ukaushwe na kusubiri.

Rangi za sokoni

Maganda ya vitunguu hayana bei. Wauzaji wa sokoni huyafagia kila jioni na watakujazia mfuko. Tumia gramu 100 za maganda makavu. Loweka usiku, chemsha dakika 45, chuja vizuri, tia shada lililolowa na lipashe taratibu bila kutokota kwa saa moja. Liache lipoe humohumo. Vitunguu vyekundu, ambavyo ndivyo vingi huku, hutoa dhahabu iliyoegemea kahawia, wakati mwingine yenye ukijani kidogo.

Mbegu za parachichi ni hazina. Wauza juisi huzitupa, nazo hutoa waridi tulivu hadi rangi ya matofali. Osha mbegu 8 mbichi, zikatekate, weka maji lita 4 na upashe kwa moto mdogo sana saa mbili. Maji yakitokota kwa nguvu rangi huwa kahawia tu. Ncha ya kijiko ya magadi huongeza wekundu. Acha usiku, chuja, tia uzi, pasha saa moja, acha usiku mwingine. Uvumilivu unalipa hapa: uzi wa saa moja na uzi wa siku mbili ni rangi mbili tofauti. Kwa kuwa mbegu zenyewe zina ukakasi, unaweza kuacha hatua ya chai.

Manjano huvutia wanaoanza kwa sababu hushika hata bila shabu, na gramu 25 zinatosha shada zima. Lakini hupauka vibaya juani. Usiitumie kwa nguo ya kuuza.

Kwa kijivu na nyeusi tengeneza maji ya kutu: gramu 100 za misumari yenye kutu, kikombe kimoja cha siki, vikombe viwili vya maji, wiki mbili kwenye mtungi wa kioo uliofunikwa bila kukazwa. Uzi uliopita kwenye chai au mgunga, hauhitaji shabu, uzamishe kwenye lita 4 za maji yenye vijiko viwili vya chakula vya maji hayo. Rangi hubadilika mbele ya macho. Toa baada ya dakika 5 hadi 10, suuza sana. Ukitaka weusi zaidi rudia ukakasi kisha kutu, usiongeze kutu peke yake: chuma kikizidi hula pamba, na baada ya miezi uzi hukatika kama karatasi. Matone ya maji haya yanakusaidia vilevile kupima kama ukakasi umeshika: dondosha moja kwenye ncha ya uzi uliokamuliwa, likigeuka jeusi umeshika.

Bluu ya kufulia inayouzwa dukani siyo rangi ya nguo. Itaonekana nzuri siku mbili na kuondoka yote.

Bluu, nyekundu na kijani zinazodumu

Kwa rangi kali zitakazovumilia jua na sabuni, tumia rangi za batiki zinazoyeyushwa kwa kostiki soda na haidrosi (sodium hydrosulphite). Hazihitaji chai wala shabu, ila uzi lazima uwe umechemshwa. Vaa glavu ndefu na miwani, fanya kazi nje, watoto wakae mbali. Kostiki itiwe kwenye maji baridi, kamwe maji yasimiminwe juu ya kostiki, na isiguse aluminiamu.

Kwenye ndoo ya plastiki weka lita moja ya maji ya moto yasiyochemka. Koroga gramu 3 za rangi kwa maji kidogo mpaka iwe uji, uitie. Ongeza gramu 12 za kostiki iliyokwisha yeyushwa, kisha nyunyiza gramu 12 za haidrosi. Koroga polepole bila kuingiza hewa, funika dakika 15. Maji yatabadilika rangi. Bluu, kwa mfano, inaweza kugeuka njano au kijani. Yasipobadilika, huenda haidrosi imechakaa, nayo huchakaa haraka ikiachwa wazi. Ongeza lita 2 za maji ya uvuguvugu, zamisha shada lililolowa, ligeuze chini ya maji dakika 15 hadi 20. Kila linapoibuka juu hupata hewa na kutokeza mabaka. Litoe, likamue, litundike kivulini nusu saa: rangi yake halisi itarudi ikikutana na hewa. Suuza, loweka kwenye maji yenye vijiko viwili vya siki, kisha chemsha kwa sabuni dakika 10.

Maji yaliyobaki yasielekezwe ziwani wala kwenye mtaro unaoshuka ziwani. Ya kostiki yapoze na uyatie siki mpaka yasiteleze tena kwenye glavu, kisha yamwage kwenye shimo mbali na kisima na mboga.

Ukitaka kutia rangi kabla ya kusokota

Ipo sababu moja nzuri ya kufanya hivyo: kuchanganya rangi mbili kwenye uzi mmoja. Tia pamba kwenye mfuko wa pazia la wavu, gramu 30 tu kwa mfuko, na pitia hatua zote bila kukoroga wala kukamua kwa kusokota, bonyeza tu. Ikaushe kivulini, ichambue kwa vidole, irudishe kwenye upinde. Kisha changanya na pamba ambayo haikuchemshwa, sehemu 3 za rangi kwa 7 nyeupe. Nyeupe hiyo bado ina nta yake, na ndiyo itakayobeba nyingine pale kwenye mrija. Uzi ukimalizika uchemshe dakika 20 bila magadi, kwa sabuni kidogo tu.

Na ukipata sufu

Sufu itakapokufikia kutoka kwingine, sahau magadi na sahau kuchemsha. Magadi huila, na moto wa ghafla ukiambatana na kusuguliwa huigeuza blanketi gumu. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni bila kuikoroga. Shabu iwe gramu 12 hadi 15 kwa gramu 100, bila chai na bila magadi, saa moja kwenye maji yaliyo chini ya kutokota, ipoe humohumo. Maganda ya vitunguu yaleyale yatatoa rangi iliyoiva kuliko kwenye pamba, kwa nusu ya kiasi. Sufu unaweza kuitia rangi kabla ya kuisokota bila hasara, na hapo ndipo pia ya kuning'iniza ya gramu 40 inapofaa.

Kabla ya kuuza au kufuma shada lolote, kata vipande viwili vya sentimita 20. Kimoja kifunge nusu ndani ya kitabu, nusu nyingine ikae dirishani penye jua wiki mbili, kisha linganisha. Cha pili kifue kwa sabuni ya mche pamoja na kitambaa cheupe. Kitambaa kikishika rangi, suuza shada upya kwa maji ya moto mpaka maji yatoke safi. Kikiendelea kushika, tatizo lilikuwa kwenye kuchemsha, na mashada yanayofuata yapewe saa moja zaidi ya magadi.